Gari Lililoondoka na Mama

Gari halikuwapo.

Palibaki doa la mafuta pale lilipokuwa limeegeshwa, bichi bado. Mama Pazia alisimama juu ya doa hilo, mikono miwili imekamata kiti cha magurudumu alichokwenda kukiazima hospitalini.

"Mama?" akaita, kana kwamba bibi wa watu asiyeweza kunyanyua mguu ameamua kujificha nyuma ya gari la jirani.

Kwa aliyelikosa gazeti wiki iliyopita, mambo ni haya. Mama Pazia ni mshona mapazia, na jina lake limetoka humo. Asubuhi alivuka mpaka akiwa na mama yake mzazi, kumwona daktari wa kiharusi katika mji wa kwanza wa nchi jirani. Kiharusi kimempooza mama upande mmoja na kumfutia maneno yote, likabaki moja tu: "haya." Ukimuuliza kama ana njaa, haya. Ukimuuliza jina lake, haya. Walipofika alikuwa amesinzia kiti cha nyuma, blanketi hadi kichwani. Binti akamteremshia kioo kidogo apate hewa, ufunguo akampa mtu wa maegesho mwenye kizibao cha kung'aa, akaingia ndani mara moja.

Mara moja hiyo ndiyo imetufikisha hapa.

Alikimbilia getini. Mlinzi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, redio sikioni.

"Kaka, yule mtu wa maegesho yuko wapi?"

"Maegesho gani?"

"Yule wa kizibao! Nimempa ufunguo!"

Mlinzi akashusha redio taratibu. "Umempa mtu ufunguo wa gari? Kwa mkono wako mwenyewe?"

"Si mtu wenu?"

"Dada, hapa hatuna mtu wa maegesho. Kila mmoja anaegesha lake na kulala na ufunguo wake. Mimi hata mke wangu simpi ufunguo."

"Kwetu ndivyo tunavyofanya!"

"Kwenu wapi?"

Mama Pazia akaonyesha kwa kidole upande wa mpaka. Mlinzi akaguna. Hakuwa na haja ya kuambiwa zaidi.

Na kweli, kwao ndivyo wanavyofanya. Kwao viwanja ni vifinyu, magari hubanwa moja nyuma ya jingine, na mtu wa maegesho hukusanya funguo zote ili aweze kuyasogeza. Hakuna anayeogopa, kwa sababu kwao hakuna anayeiba gari zima. Wanaiba vipande. Unatoka sokoni unakuta gari lipo, taa hazipo. Unaamka, kioo cha pembeni hakipo. Ndiyo maana Mama Pazia alikuwa amechora namba ya gari kwenye kila kioo na kila taa, betri ameitia mnyororo, tairi la akiba limetiwa mnyororo, kifuniko cha mafuta kina kufuli. Gari lile lilikuwa na makufuli mengi kuliko benki.

Usukani tu ndio haukuwa na kitu.

Akapiga simu nyumbani, kwa mdogo wake wa kiume. Huyu ni mkadiriaji wa kampuni ya bima. Kula kwake na kulala kwake ni magari yaliyoibwa, na hakuna karamu ya familia isiyosikia habari hizo.

"Dada, tulia, nisikilize."

"Nitulie? Mama yumo ndani!"

"Ndiyo nakwambia utulie! Usipoteze muda polisi. Watakukalisha kwenye benchi mpaka jioni. Nenda soko la spea. Gari likiibwa asubuhi, mchana halina milango. Watalipeleka gereji kulichinja, na wakifika watamkuta Mama, watamshusha. Wao wanataka chuma, hawataki mama wa mtu."

"Una uhakika?"

"Dada, miaka yote hii nakula kwa kazi gani?"

Angekuwa na uhakika mdogo kidogo, tusingekuwa na hadithi. Mama Pazia alikiacha kiti cha magurudumu mikononi mwa mlinzi, akapanda pikipiki ya kwanza iliyosimama.

"Soko la spea, na usimwogope mtu njiani!"

*

Soko la spea lilikuwa mtaa mzima wa maduka, na jambo la kwanza lililomshtua ni usafi wake. Kwao ukiingia soko la spea unakanyaga grisi, milango imetundikwa ukutani kama nguo zilizoanuliwa, na kila taa ina historia. Hapa kulikuwa na maboksi. Maboksi mapya, yamepangwa hadi darini, yana plastiki bado.

Akaingia duka la kwanza. Muuzaji mwenye miwani kwenye paji la uso alikuwa anafuta meza isiyo na vumbi.

"Natafuta mlango wa nyuma," akasema, akataja aina ya gari.

"Upo. Rangi gani?"

"Uliotumika. Ulioletwa leo."

"Uliotumika?" Muuzaji akashusha miwani machoni ili amwone vizuri. "Mama, mpya unashuka na kontena kila wiki, bei ya kutupa. Uliotumika nimuuzie nani, adui yangu?"

"Taa je? Taa yenye namba iliyochorwa?"

Hapo muuzaji akatabasamu, si kwa ubaya. "Ahaa. Unatoka ng'ambo."

"Umejuaje?"

"Ni nyie tu mnaokuja hapa kutafuta magari yenu. Hatusemi kitu, tumewazoea. Mwaka jana alikuja mmoja, akaanza kunusa rejeta moja moja kama mbwa wa forodha."

"Sasa gari likiibwa linakwenda wapi?"

"Zima zima, mama! Wezi wa huku wavivu wa spana. Mwizi akileta mlango wa zamani hapa, tutamchangia nauli arudi kwao. Gari la huku linavuka mpaka, si huo wenu, ule wa upande wa pili. Kule magari hayaingii kwa meli, yanasubiriwa kama mvua. Likifika asubuhi, jioni lina bwana mpya na karatasi zake."

Akashika ukingo wa meza.

"Ulikuwa na kitu cha maana ndani?" muuzaji akauliza.

"Mama yangu."

Mtu yule aliacha kufuta meza. Akatoka nje mwenyewe kumwitia pikipiki. Kwa mara ya kwanza siku hiyo mtu alikuwa amemtendea wema, na haukusaidia kitu.

Juu ya pikipiki akampigia mdogo wake.

"Hapachinjwi magari hapa! Yanapelekwa mazima!"

"Haiwezekani. Nani anaiba gari zima? Atapita nalo vizuizi vingapi?"

"Hawana vizuizi!"

"Nchi gani haina vizuizi? Dada, rudi sokoni, wanakuficha..."

Akamkatia. Jua lilishapita utosini. Nusu ya siku alikuwa ameitumia kukimbilia upande usio na mtu.

*

Kituoni hakukuwa na benchi la kukalia mpaka jioni. Kulikuwa na inspekta mmoja mwanamke, viatu amevivua chini ya meza, kikombe cha chai kimepoa mbele yake. Alisikiliza maelezo yote bila kumkatisha, kisha akauliza swali moja.

"Kwa nini umekuja sasa hivi?"

"Nilikwenda soko la spea, afande."

Inspekta akafumba macho kidogo. "Nyote mnakwenda soko la spea."

Akavaa viatu. Mikono yake ilikuwa tayari inachukua redio ya upepo, mdomo unaendelea.

"Nisikilize, mama. Kwenu spea zinalipiwa ushuru wa kutisha, na gari zima haliuziki kwa sababu kila kona kuna askari na kila namba inaulizwa. Mwizi wa kwenu ana nyundo. Huku spea ni bure, lakini mpaka wa pili uko karibu na una njia nyingi za ng'ombe kuliko barabara. Mwizi wa huku ana mdomo mtamu na kizibao. Na ukivuka huko wanakoyapeleka, huko mtu hadanganywi. Anasubiriwa kwenye geti lake na bunduki, yumo ndani ya gari na watoto."

"Na hawa wenu? Wana bunduki?"

"Hawa wetu hawagusi mtu. Hiyo ndiyo fahari yao. Wanachukua gari lisilo na mtu, wanaliegesha kwenye kiwanja chochote chenye magari mengi, wanaliacha hapo. Tunasema wanalilaza. Wanaangalia kwa mbali kama lina kifaa cha kulitafuta. Likilala bila kufuatwa, wanakuja kulichukua."

"Kwa hiyo mama yuko kiwanjani? Amefungiwa ndani? Juani?"

Inspekta akachukua funguo za gari mezani.

"Afande, wakikuta kuna mtu kiti cha nyuma wanafanya nini?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Habari ya gari naijua, ya leo, ya kesho na ya keshokutwa. Ya mama yako siijui. Haijawahi kutokea." Alisema hivyo kama anavyosema daktari asiyependa kudanganya. "Gari lina kifaa chochote?"

"Lina king'ora cha simu. Mdogo wangu alikifunga. Ukikipigia, gari linapiga kelele. Kwetu wanavyo wengi, kinawatimua wenye nyundo. Lakini laini yake imelala, haina salio tangu mwaka jana."

"Iendelee kulala," inspekta akasema. "Gari likipiga kelele huku, atakayekuja kulichukua hatalikaribia tena. Twende."

Wasomaji wangu, ikumbukeni kauli hiyo. Mama Pazia aliisikia kwa sikio moja. Sikio jingine lilikuwa linasikiliza neno "haya" lisilokuwepo.

*

Walizunguka na gari bovu la polisi lisilo na alama. Kiwanja cha kanisa, hakuna. Kiwanja cha stendi, hakuna. Kila mara Mama Pazia alikuwa ameshafungua mlango kabla ya gari kusimama, akipita katikati ya magari na kuchungulia viti vya nyuma vya watu. Mwanamume mmoja alimfukuza akidhani anaomba.

Kiwanja cha duka kubwa la vyakula, safu ya mwisho, ukutani.

"Lile."

Lilikuwa lenyewe. Limeegeshwa vizuri, limenyooka kuliko yeye alivyowahi kuliegesha. Vioo vyake vyote vilikuwepo, na namba imechorwa kwenye kila kimoja. Hakuna mtu aliyevigusa.

Akaruka. Inspekta akamdaka kiganja.

"Niache! Mama yumo!"

"Ngoja."

"Atakufa kwa joto!"

"Nimesema ngoja!" Inspekta akanong'ona kwenye redio. Punde askari mmoja aliyevaa kiraia, mkononi ana kikapu cha duka, akapita kando ya gari, akajifanya ameangusha sarafu, akainama, akainuka, akaendelea na safari yake.

Redio ikakoroma. "Hakuna mtu, afande. Kiti cha nyuma kitupu. Chini pia."

Kitupu.

Siku nzima alikuwa anaogopa kumkuta mama ndani ya gari lile. Sasa akaona kwamba alikuwa anaogopa jambo dogo.

"Wamemtupa," akasema. "Wamemtupa mahali. Hawezi hata kuomba maji, afande. Mtu akimuuliza anatoka wapi atasema haya."

"Sikiliza. Mtu mmoja katika mji huu anajua alipo. Mtu huyo atakuja kwenye hili gari. Ukiligusa, ataona. Akiona, haji. Asipokuja, utarudi kwenu na gari lako. Umekuja kutafuta gari?"

"Hapana."

"Basi kaa."

Wakakaa. Ng'ambo ya barabara palikuwa na kibanda cha fundi tairi, na inspekta alimwomba fundi viti viwili na kimya. Mama Pazia akawa anatazama gari lake mwenyewe, hatua chache tu, akiwa ameambiwa asilisogelee. Hakuna kazi ngumu kama hiyo. Mwanamke aliyelea, akauguza, akashona mapazia ya nusu ya mji kwa cherehani moja, amekaa ameshika tama kama mgeni msibani.

Watu waliingia dukani na kutoka. Kivuli cha ukuta kilitambaa hadi kwenye tairi, kikapanda mlangoni.

"Utamjua?" inspekta akauliza.

"Nilimwambia asante. Nilimtazama usoni nikamwambia asante, kaka."

Ndipo akaja.

Hakuwa na kizibao sasa. Alikuwa na shati la kawaida, viatu vya kawaida, uso wa mtu anayekwenda kununua mkate. Akalizunguka gari mara moja. Akatoa ufunguo, ufunguo wa Mama Pazia wenye kitambaa chekundu cha pazia, akafungua.

"Ni yeye," Mama Pazia akasema.

"Nimemwona. Akiwasha, tunamfuata. Hakuna anayemkamata." Inspekta alikuwa ameshika redio mdomoni. "Polepole wote. Mwacheni akae kwenye usukani."

Lakini yule mtu hakukaa kwenye usukani.

Alifungua mlango wa nyuma. Akainama, akatoa blanketi la mama. Akapapasa mfuko wa nyuma ya kiti, akatoa mfuko mdogo wa dawa, akausogeza kwenye mwanga, akasoma maandishi huku midomo ikimcheza. Akachukua na kandambili moja iliyokuwa imebaki sakafuni, akaifuta vumbi kwenye suruali yake.

"Anafanya nini huyu?" inspekta akanong'ona. Miaka yake yote kazini hakuwahi kumwona mwizi akilirudia gari ili kuliacha.

Mama Pazia ndiye aliyeelewa. Machozi yalimtoka hapo hapo, bila kelele.

"Amekuja kuchukua dawa. Afande, mama yu hai. Yuko kwake. Amemchukulia dawa."

Mwizi akafunga mlango, akajaribu kitasa kuhakikisha kimeshika, kama mtu mwenye adabu zake, akaanza kuondoka kwa miguu na blanketi kwapani. Inspekta akainua vidole viwili. Askari wawili wa kiraia wakaachana na vikapu vyao, wakaanza kumfuata kwa mbali, mmoja huku, mmoja kule. Safari ya kwenda kwa mama ilikuwa imeanza, na mwizi mwenyewe ndiye aliyekuwa anawaongoza.

Simu ya Mama Pazia ikatetemeka.

"Dada!" Mdogo wake alikuwa anahema kwa furaha. "Nimejua nimekukosea kwa lile soko. Sasa nimerekebisha! Nimeiwekea salio ile laini ya king'ora. Imefufuka! Mnara wetu unashika mpaka huko mpakani. Nimeshaipigia, inaita..."

"Usi..."

Gari likalia.

Halikulia kidogo. Lilipiga ukelele wa kupasua masikio, taa zote zinawaka na kuzima, honi juu yake. Kwao gari likilia hivyo hakuna anayegeuza shingo. Yanalia usiku na mchana, watu wanaendelea kula. Kazi yake ni kumtisha mwenye nyundo, basi.

Huku hakuna gari linalolia. Kiwanja kizima kiligeuka.

Wakaona gari linapiga mayowe. Wakaona mtu anaondoka kutoka kwenye gari hilo, blanketi kwapani, mfuko mkononi. Na yule mtu, badala ya kutembea, akafanya kosa moja. Akakimbia.

"Mwizi! Mwizi huyo!"

Kufumba na kufumbua kulikuwa na watu thelathini. Sijui walitoka wapi, siku zote hutoka tu. Mmoja alimpiga mtama, akaanguka kifudifudi. Vidonge vikamwagika lamini. Askari wawili walikuwa nje ya duara, wanasukuma migongo isiyosogea, wanapiga kelele "Polisi! Polisi!" na king'ora kinazimeza.

Mama Pazia alishavuka barabara. Viatu alikuwa ameviacha kwa fundi tairi. Aliingia kwenye kile kikundi kwa viwiko, kwa meno, akajitupa juu ya mwizi wake mzima mzima.

"Msimpige! Ni ndugu yangu! Ndugu yangu huyu!"

"Dada yake!" mmoja akapayuka. "Ni wa genge lake! Naye apewe!"

Teke lilimpata ubavuni. Jingine begani. Hakuachia. Alimkumbatia mtu aliyemwibia mama yake kuliko alivyowahi kumkumbatia mtu yeyote, akimfunika kichwa kwa mikono miwili, akiomba Mungu kile kichwa kisipasuke, maana humo ndimo mama yake alimokuwa.

Inspekta alipiga filimbi. Akaipiga tena. Duara likalegea, watu wakarudi nyuma mmoja mmoja, kila mmoja akiangalia pembeni kana kwamba alikuwa anapita tu.

Mama Pazia akainua uso. Chini yake mtu yule alikuwa anapumua kwa mkoromo, mdomo umejaa damu, jicho moja limefumba. Lililobaki wazi likamtambua.

"Dada," akasema. "Sikujua... sikujua kama yumo."

"Yuko wapi?"

"Alisema haya. Niliendesha, nikasikia mtu nyuma anasema haya. Nusura nigonge nguzo."

"Mama yangu yuko wapi?"

"Kwangu. Alianza kutetemeka. Nikasema lazima ana dawa..."

"Kwako wapi? Mtaa gani?"

"Nimefunga kwa nje. Asitoke akaanguka."

"Mtaa gani, kaka? Nakuomba. Nitakusamehe kila kitu, gari chukua, nitajie mtaa!"

Macho yake yakaanza kupoteza mwelekeo. Halafu kitu kikamshtua kutoka ndani, akamkamata Mama Pazia kifuani kwa vidole vyenye damu.

"Jiko," akasema. "Nilimbandikia maji. Nimeacha jiko linawaka. Kiti chake kiko karibu..."

Mkono ukaachia. Kichwa kikalala upande.

"Kaka! Kaka!" Mama Pazia akampiga kofi, akampiga jingine. "Amka! Mtaa gani?"

Inspekta alikuwa tayari amepiga magoti, anapekua mifuko. Hakuna kitambulisho. Mfuko wa shati, mtupu. Mfuko wa suruali umepinduliwa nje.

"Simu yake iko wapi?" Akainuka, akawageukia watu. "Alikuwa na simu! Nani ameichukua simu yake?"

Kundi lilikuwa limeshayeyuka nusu, na simu imekwenda nalo.

"Nani anamfahamu huyu mtu? Anakaa wapi?"

Walitazamana. Mwanamke mmoja akatikisa kichwa. Fundi tairi akatikisa kichwa.

Nyuma yao gari lilikuwa bado linalia. Na kutoka kwenye simu iliyoanguka lamini, kioo kimepasuka, ilisikika sauti ndogo ya mdogo mtu, imejaa matumaini:

"Dada? Wamekimbia? Dada?"

Mama Pazia akasimama. Akaitazama barabara upande mmoja, akaitazama upande wa pili, kisha akainua macho juu ya mabati ya mji ule asioujua. Moshi ulikuwa unapanda. Mmoja hapa, mwingine pale, kule bondeni kumi kwa pamoja.

Ilikuwa saa ya watu kupika.